Pikipiki za theluji kwenye miteremko mikali
SWALI: Kila mwaka mimi na marafiki zangu huenda milimani kuendesha pikipiki za theluji. Safari hii baadhi yao wanataka tupande mteremko mkali kwa pamoja. Je, ni salama?

JIBU: Hapana, na ninakusihi uwazuie. Uzito wa pikipiki moja waweza kuvunja tabaka dhaifu lililojificha chini ya theluji mpya na kuporomosha theluji ya mteremko mzima. Kwa hiyo pandeni mmoja mmoja, wengine wakisubiri mbali na njia ya maporomoko ya theluji. Kila mtu avae mwilini, wala si kukifunga kwenye pikipiki, kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio ili akifukiwa na theluji aweze kupatikana, na abebe mgongoni koleo na fimbo ya kumtafutia aliyefukiwa, kwani nafasi ya aliyefukiwa kupona hupungua sana baada ya dakika 15 hivi, na waokoaji wa kwanza ni ninyi wenyewe.