Vita vya Mashariki ya Kati na mtaji wa milioni 40: marumaru, gesti au hatifungani?

Mdau kauliza: ana shilingi milioni 40, anachagua kati ya kuagiza marumaru za Uturuki aziuze Mjini, kuingia ubia kwenye gesti ya Paje, au kununua hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha kwa riba. Anaogopa vita vya Mashariki ya Kati visije vikamlia mtaji. Asubiri?

Ndugu yangu, ukisubiri dunia itulie hutowekeza abadan. Vita vitatokea au havitokei, hilo hata wenye majeshi hawalijui. Lako ni kujua vikitokea vitakufikia kwa njia ipi na utakuwa na fedha za kuvukia. Kwa sisi visiwani njia ni nne: nauli ya meli, mafuta, dola na wageni.

Marumaru ndiyo yenye mitego mingi. Mzigo wa Uturuki njia yake ya kawaida ni mfereji wa Suez na mlango wa Bab el-Mandeb, karibu na Yemen. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoiteka meli ya Galaxy Leader Novemba 2023 na kuendelea kushambulia nyengine, kampuni nyingi zikahamia njia ya Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Ukiamua kuagiza China badala yake, mzigo haupiti huko, lakini haina maana kwamba umenusurika: meli zinazoizunguka Afrika hukaa baharini muda mrefu zaidi, nafasi na makontena huadimika, nauli ikapanda hata kwenye njia isiyo na risasi. Muulize wakala kontena litabadilishwa meli bandari gani. Jebel Ali (Dubai) iko ndani ya mlango wa Hormuz, na vita vikiziba mlango huo mzigo unakwama; Salalah (Oman) iko nje.

Halafu piga hesabu kamili. Ushuru hukokotolewa juu ya CIF, yaani bei ya mzigo, bima na nauli kwa pamoja. Tuseme nauli imepanda dola 2,000, ushuru ni 25% na VAT 15%: 2,000 × 1.25 × 1.15 = dola 2,875. Wengi huongeza zile 2,000 tu, faida inaishia bandarini. Ukilipa 30% mwanzo na 70% mzigo ukishapakiwa, shilingi inaweza kushuka hapo katikati. Waagizaji wanaikumbuka 2023 dola zilivyoadimika benki.

Bima ya kawaida ya mizigo haibebi vita. Kinga ya vita hununuliwa peke yake, na kwa kawaida kampuni ya bima inaweza kuifuta kwa notisi ya siku 7. Soma kipengele hicho kabla hujatuma hata senti.

Gesti: usiangalie idadi ya wageni, angalia wanatoka wapi na wanapitia wapi. Wakiwa wengi wanapitia Doha, kumbuka 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ratiba za ndege zikavurugika hata baada ya kufunguliwa. Saa hizo hazikuui. Kinachoua ni wageni kufuta safari za Julai na Agosti, maana fedha za miezi hiyo ndizo zinazoibeba gesti wakati wa masika. Jumlisha mishahara, umeme, kodi na rejesho la mkopo. Ikiwa ni milioni 5 kwa mwezi na mwenzako hana milioni 15 pembeni, yaani za miezi mitatu, mimi siingii.

Mafuta usiyakimbilie kwa kichwa cha habari. Septemba 2019 mitambo ya Abqaiq, Saudia, iliposhambuliwa, bei iliruka karibu 15% kwa siku moja, na wiki chache baadaye ikarudi. Ya 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ilidumu miezi. Fuata bei za mafuta za ZURA, mamlaka inayozitangaza Zanzibar, miezi miwili mfululizo ndipo ubadilishe bajeti ya jenereta na boti.

Hatifungani ni za shilingi na hulipa mara mbili kwa mwaka, vita au amani. Hatari yake ni mfumuko wa bei, na kulazimika kuuza kwa hasara kabla hazijaiva. Kama riba inakukwaza, ulizia sukuk (hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba) ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Kwa milioni 40 kontena zima la marumaru ni kubwa mno kwako. Tafuta wa kuchangia naye kontena, nauli muiandike kwa bei ya leo na kwa bei maradufu, na kama ile ya pili inakutia hasara, usiagize.