Kwa wauguzi wapya wodi ya watoto wa vichwa vikubwa (maji kichwani) na mgongo wazi

Karibuni, wadogo zangu. Nimekaa wodi hii miaka 12, na natamani mtu angeniambia mapema kwamba mtoto kutoka thieta salama ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine iko mikononi mwetu, na mwa mama yake.

Kwanza, damu. Mtoto mchanga ana takribani mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 4 ana mililita 320 mwili mzima, haijai hata chupa ya soda ya nusu lita. Vitambaa vichache vilivyolowa, ambavyo kwa mtu mzima havishtui, kwake ni hatari. Hakikisheni damu ya kundi lake iko tayari kabla hajasukumwa kwenda thieta. Baridi nayo msiidharau: kichwa kikubwa kilichonyolewa hupoteza joto upesi, hivyo kofia na blanketi viwe tayari anaporudi.

Wazazi watawauliza kipi bora, kuwekewa mpira wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni au kutobolewa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera. Msiwachagulie. Utafiti wa Mbale, Uganda, uliochapishwa 2017, ulilinganisha njia hizo kwa watoto 100 wa chini ya miezi 6 waliojaa maji kichwani kutokana na maambukizi. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukuonyesha tofauti ya maana. Mpira huweza kuziba au kuingiwa na wadudu. Tundu nalo huweza kujifunga, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo njia yoyote atakayofanyiwa, mtoto huyu ni wa kuangaliwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka wangu wa pili mama mmoja aliniambia, "Dada nesi, leo mwanangu analala mno, hata ziwa hataki." Nikapima joto, nikahesabu mapigo, vyote sawa. Nikamjibu amechoka, mwache apumzike. Masaa matatu baadaye akatapika, utosi umetuna, macho yameshuka chini weupe unaonekana juu ya mboni. Mpira ulikuwa umeziba. Alirudishwa thieta usiku uleule na akapona, lakini masaa yale niliyapoteza mimi, na mama alishaniambia. Bado naumia nikikumbuka. Siku hizi mama akisema tu "leo simwelewi mwanangu", namwita daktari kabla sijashika kipimajoto.

Utosi ushikeni mtoto akiwa amekalishwa na ametulia, maana akilia hutuna hata usio na tatizo. Mzingo wa kichwa upimwe kwa utepe uleule, juu ya nyusi na kupita kisogoni palipotokeza zaidi, na uandikwe hapohapo.

Siku ya kuruhusiwa, kaeni na mama, msimwelekeze mkiwa mmesimama koridoni. Baba au bibi akiwepo, aitwe. Mama mwenyewe awatajie kwa kinywa chake dalili za kumrudisha mtoto hospitali: kutapika, usingizi usio wa kawaida, homa, degedege, utosi kutuna, kidonda kutoa majimaji. Kisha muulizeni nauli ya kurudi kliniki ataipata wapi. Akinyamaza, mpelekeni ustawi wa jamii siku hiyohiyo, kabla hajafunga mizigo yake.