Shingo kuuma tangu uanze kliniki ya meno

Mdogo wangu, umeuliza kama shingo inakuuma tangu uanze kutibu wagonjwa kliniki ya meno kwa sababu misuli yako ni dhaifu, na kama gym itasaidia. Udhaifu unachangia, ila sio ule unaoufikiria. Misuli mikubwa ya mabegani mara nyingi inafanya kazi kupita kiasi. Inayolegea ni ile midogo ya ndani, mbele ya pingili za shingo. Ijaribu hivi: lala chali, vuta kidevu ndani taratibu kama unayeitikia kwa kichwa, bila kunyanyua kichwa, shikilia sekunde 10. Misuli ya pembeni ya shingo ikikaza mapema au ukaanza kutetemeka, basi anzia hapo hapo. Rudia mara 10 kila siku, vyuma baadaye.

Lakini kichwa kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Ukikiinamisha masaa mawili juu ya gego la juu, hakuna zoezi litakalokuokoa. Na wengi wenu mnainama kwa sababu tu hampendi kutumia kioo kidogo cha mdomoni! Mlaze mgonjwa chali kabisa, mwambie ainue kidevu, wewe kaa nyuma ya kichwa chake, mgongo umenyooka, gego ulitazame kwenye kioo. Mwanzoni mkono utakwenda kinyume na unavyotaka, kero kweli, ila utazoea.

Ganzi ikishuka mkononi, au ukaanza kuangusha vifaa, acha mazoezi ukamwone daktari.