Kabla Hujapiga Kelele, Hesabu Nati

Siku moja nilisimama kwenye maegesho nikimpungia rafiki yangu mikono yote miwili kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Mbele yangu palikuwa na BMW ndogo nyekundu, milango miwili, na kwenye buti imebandikwa nembo ya M3, toleo la mbio la BMW hizo ndogo. Rafiki alipofika nikaanza kumhutubia: gari hili lilitoka mwaka 1986, lilitengenezwa ili kampuni iruhusiwe kushindana katika mbio za magari ya kawaida, injini yake ni ya silinda nne tu, na kwa jumla yalitoka takriban 18,000. Kando yetu alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri mwenzake. Aliniacha nimwage yote, kisha akauliza kwa upole, "Kijana, umehesabu nati za gurudumu?"

Nikainama, nikahesabu. Nne.

M3 ya kizazi kile ina nati tano. Mzee akanizungusha gari lote. Madigadi ya M3 halisi yamevimba na yana kona, haya yalikuwa bapa. Kioo cha nyuma cha M3 kimelala zaidi na mfuniko wa buti umeinuliwa, hivi vilikuwa vya gari la kawaida. Kwa nje, vinavyofanana kati ya mawili hayo ni boneti, paa na milango, basi. Mtu alikuwa amenunua nembo akaibandika, na mimi nilikuwa nimeisoma kama cheti cha kuzaliwa. Rafiki yangu alicheka wiki nzima.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyotazama magari, na ninayoandika hapa ni kwa wale ambao, kama mimi, hawawezi kuvuka barabara bila kugeuza shingo. Nembo huitazama mwisho. Naanza na vitu ambavyo mtu hawezi kuvibadilisha jioni moja kwa gundi: nati, bawaba, mahali taa zilipokaa, umbo la vioo.

Nati peke yake zina mengi ya kusema. Renault 4 na Citroën 2CV zinafunga gurudumu kwa nati tatu. Citroën DS za mwanzo, zile za tangu 1955 hadi katikati ya miaka ya 1960, zina moja tu, katikati kabisa. Volkswagen Beetle ilianza na tano, kisha kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 ikahamia nne. Kwa hiyo hata ukiona gurudumu pekee limechungulia chini ya lori la kukokota magari, tayari una la kuwaza.

Niseme pia jambo linalowachanganya wengi wanaoanza. Wanadhani gari adimu ni lile lililotengenezwa machache. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36. Toyota 2000GT, 351. Mercedes 300 SL yenye milango inayofunguka kwenda juu kama mbawa, 1,400. Magari hayo ni adimu kweli, lakini kila moja lina mtu anayelilinda, historia yake imeandikwa, na huwezi kukutana nalo ukienda kununua sabuni. Ukiyangoja hayo utazeeka ukiwa umeona picha tu.

Adimu wa mtaani ni mwingine. Ni lile gari la bei nafuu lililouzwa kwa malaki, likabeba watoto shuleni, likabeba saruji, likagongwa, likapakwa rangi ya brashi, na siku gia zilipokufa hakuna aliyeona haja ya kulitengeneza. Lilichinjwa likawa spea za wenzake. Gari la kifahari huwekwa gereji linapozeeka, na hili huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Ndiyo maana leo nikiona gari dogo la miaka ya 1970, toleo la chini kabisa, rimu za chuma, bampa nyembamba, bila hata kioo cha pembeni upande wa abiria, nasimama kuliko ninavyosimama kwa gari la michezo linalong'aa. Toleo la chini ndilo lililokufa kwanza. Aliyekuwa na uwezo alinunua la juu, na la juu ndilo watu wakalitunza.

Mfano mzuri ni Mercedes ya W123, ya kati ya 1976 na katikati ya miaka ya 1980. Zilitoka karibu milioni 2.7, nazo ni ngumu, kwa hiyo ile ya milango minne bado utaiona inafanya kazi. Usiipuuze, lakini shingo igeuke zaidi ukiona ya milango miwili, au ile ndefu ya kubebea mizigo. Kila gari la kawaida lina ndugu yake asiye wa kawaida. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Utamjuaje? Ushauri wangu mkubwa ni huu: usijifunze magari yote. Chagua moja, lijue mpaka uchoshe watu. Mimi nilianza na Beetle kwa sababu ilikuwa rahisi kuipata. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, mwaka 2003. Kwa mbali zote ni kobe mmoja. Zunguka nyuma. Kioo kikiwa kimegawanywa vipande viwili, gari ni la kabla ya miezi ya mwanzo ya 1953. Kikiwa kimoja chenye umbo la yai, ni la kati ya hapo na 1957. Kikiwa cha mstatili, ni la baadaye, na kadiri miaka inavyosonga kioo kinakua. Siku nilipoona cha yai kwa macho yangu, kwenye foleni, magari mawili mbele, sikuwa na wa kumwambia. Nilimwambia dereva wa basi. Aliitikia kwa adabu.

Ukishalijua gari moja namna hiyo, jicho linaanza lenyewe kuuliza maswali hayo hayo kwa mengine. Land Rover: taa za mbele ziko katikati, karibu na shoo, au zimehamia kwenye madigadi? Zilihamia mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya kukaa katikati tangu 1948. Mini: bawaba za milango zinaonekana kwa nje? Basi ni ya muongo wake wa kwanza au karibu na hapo. Fiat 500: mlango unafunguka kutokea mbele, bawaba zikiwa nyuma? Sedani hiyo ni ya kabla ya 1965. MGB: bampa ni za kromu zinazong'aa au ni mabonge meusi ya mpira? Meusi yalikuja mwishoni mwa 1974 kwa sababu ya sheria za usalama za Marekani, na gari zima likainuliwa kidogo. Wapenzi wengi wa gari hilo bado hawajasamehe.

Masikio nayo yasilale. Injini inayopozwa kwa hewa, kama ya Beetle au ya Porsche 911 za kabla ya 1998, ina sauti kavu ya kuchakarika ambayo hutaichanganya na nyingine ukishaijua. Trabant utaisikia kama pikipiki iliyovaa bodi ya gari, na moshi wake wa petroli iliyochanganywa na oili utakufikia kabla hujaliona. Na ukibahatika kuwa karibu na Citroën DS inapowashwa, usiondoke. Inakuwa imelala chini kama ng'ombe aliyechoka. Injini inawaka, halafu inanyanyuka taratibu, nyuma na mbele, mpaka kimo chake cha safari. Ni mfumo wa majimaji na gesi badala ya springi. Nimeona mara mbili, na mara zote mbili nilisahau kutoa simu.

Wapi? Hapa sina siri kubwa. Uwanja wa nyuma wa gereji ndogo unashinda onyesho lolote, kwa sababu fundi mzee huwa na wateja wazee wenye magari wazee. Tembea kwa miguu inapowezekana. Ukiwa unaendesha utaona nusu na unaweza kumgonga mtu. Asubuhi na mapema siku ya mapumziko barabara zikiwa tupu, wenye magari ya zamani huyatoa kuyapasha moto. Na badilisha njia. Nilipita barabara ileile miaka mitatu kabla ya kugundua kwamba njia sambamba nayo ilikuwa na Datsun 240Z inayolala nje kila usiku.

Ukilipata limeegeshwa, soma na tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa kiwandani: 2316 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi jipya kwenye gari la miaka hamsini linakuambia lina mtu anayeliendesha. Tairi la zamani lililopasuka mistari, majani makavu yamejaa chini, wiper zimegandamana na kioo, hapo unatazama gari linalokufa polepole, na huenda mwenyewe hajui lina thamani gani.

Kuhusu bandia: zipo nyingi, na si zote ni za kudanganya. Sehemu kubwa ya Cobra utakazoziona, zile za michezo za miaka ya 1960, ni nakala zilizotengenezwa miaka mingi baada ya zile za kwanza, na Porsche 356 Speedster nyingi za mtaani chini yake ni chesisi ya Beetle. Mwenye gari mara nyingi atakuambia mwenyewe ukimuuliza vizuri. Kwa magari ya tangu miaka ya 1980, nambari ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 mara nyingi husomeka kupitia kioo cha mbele. Ikianza na J gari limetoka Japani, W Ujerumani, Z Italia. Isome, usiipige picha.

Hapo ndipo nakuwa mkali. Usiliguse gari. Usiegemee kwa ajili ya picha. Ukitaka kuweka picha mtandaoni, funika namba za usajili na usitaje gari linalala wapi, kwa sababu wezi nao wanapenda magari ya zamani. Na mwenyewe akitokea, swali la kwanza lisiwe "Unauza?" Wanalisikia kila siku, wamechoka nalo. Mimi huuliza, "Mmekaa pamoja muda gani?"

Swali hilo ndilo lililonipa nusu saa na mama mmoja mwenye Peugeot 404 ya rangi ya majivu, gia zake kwenye mkono wa usukani kama ilivyotoka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba umbo lake lilichorwa na Pininfarina na kwamba lilizinduliwa 1960. Sikupata nafasi. Alikuwa akinieleza jinsi baba yake alivyomfundishia kuendesha humo, na jinsi yeye alivyokataa kuligawa mirathi ilipofika. "Mwanangu, kaka zangu walichukua kiwanja," alisema, "mimi nikachukua ufunguo."

Kuna gari moja ambalo bado linaninyima raha. Liko nyuma ya ukuta mfupi, kwenye njia ninayopita nikirudi nyumbani, limefunikwa turubai la kijani. Juu ya turubai wamepanga maboksi na godoro, kwa hiyo umbo la paa halisomeki. Gurudumu moja tu la mbele linaonekana, nalo limezama nusu kwenye nyasi. Nati tatu. Inaweza kuwa Renault 4, inaweza kuwa 2CV, inaweza kuwa ndugu yao mwingine. Nimebisha hodi mara mbili, hakuna aliyefungua. Turubai sijaligusa.