Jibu: TDAH ya mtoto (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) na jeni za saa ya mwili
Mama Furaha, umeuliza kama kijana wako wa miaka 9, asiyetulia darasani na asiyelala kabla ya saa 5 usiku, apelekwe kupimwa jeni. Hapana, tunza dola zako.

Saa ya mwili inaendeshwa hivi: jeni CLOCK na BMAL1 huziwasha PER na CRY, protini za hizi mbili zikijaa, huzibana zile za kwanza, na mzunguko huchukua kama saa 24. Tafiti kadhaa zimekuta badiliko dogo kwenye CLOCK likihusiana na TDAH, lakini nguvu yake ni ndogo, na watu wengi wanalo bila shida yoyote.

Kinachoonekana wazi zaidi ni melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, kuchelewa. Ukimlaza saa 2 kwa nguvu atagaagaa tu, kwani kwa mwili wake bado ni mchana. Si ukaidi, tafadhali asichapwe kwa hilo.

Sogeza saa yenyewe. Aamke saa 12 kila siku, hata Jumapili, akae uani dakika 30. Mawingu ya Goma hayazuii mwanga kufanya kazi. Kuanzia saa 1 jioni aache simu, na taa nyeupe ya sola ielekezwe ukutani. Hapo ndipo wengi hukosea: simu imefichwa, lakini daftari linaandikwa chini ya balbu inayompiga machoni. Wahisha kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku 3.

Kama anameza Ritaline, dawa ya TDAH, muulize daktari saa ya dozi ya mwisho. Ikichelewa inafukuza usingizi. Na kama anakoroma, mwambie pia.