Rafiki yangu anafunga, mimi sifungi: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa vijana wa shule na watu wanaowalea, na nyingi zinauliza jambo moja: Mkristo na Mwislamu watakuwaje marafiki wa kweli bila yeyote kuificha imani yake?

Mwalimu, niko bwenini hapa Jinja. Wa kitanda cha jirani anafunga Ramadhani. Nikinywa chai mbele yake nakosea? (Mkristo, S.2, yaani kidato cha pili)

Hukosei, mwanangu. Kula kwako hakuharibu saumu yake, ila usimchezee kwa mkate mkononi. Muulize kama angependa umwamshe wakati wa daku, maana usingizi wa alfajiri ni mzito.

Binti yangu amealikwa Krismasi kwa rafiki yake Mkristo. Nahofia chakula, na kusema kweli nahofia pia asije akabadili dini. (Mama, Busia)

Asante mama kwa kulisema hilo la pili. Wengi hulificha nyuma ya lile la kwanza. Kuhusu chakula, uliza waziwazi: kuku amechinjwa na nani, na sufuria imewahi kupikiwa nguruwe? Familia nyingi za Kikristo nchini kwetu Uganda zikiwa na sherehe humwita Mwislamu achinje ili wageni wote wale, kwa hiyo swali lako halitamshangaza mwenye nyumba. Kuhusu dini, nenda naye. Kaa jikoni na mama mwenzako, mmenye matoke pamoja, na Idi ikifika umwalike yeye na wanawe. Mimi nahofia zaidi binti akatazwe halafu aende bila kukuaga.

Tulisoma vita vya dini vya Buganda, wavulana wakaanza kurushiana maneno: "Ninyi ndio mliotuua." Nani alianza? (S.3, Mbale)

Swali lako limenigusa, kwa sababu waliouawa wengi walikuwa rika lenu. Katika miaka ya 1870 Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa aliamuru vijana wa Kiislamu wa ikulu wauawe. Walikuwa wamekataa kula nyama aliyochinja asiye Mwislamu. Kisha kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga akawaua Wakristo, na kati yao tunawakumbuka 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14 tu. Mahujaji wanaofurika Namugongo kila tarehe 3 Juni huenda kwa ajili ya hao Wakristo, na ni haki yao kukumbukwa. Lakini hao vijana wa Kiislamu nao, wangapi kati yenu mliwahi kuwasikia?

Sasa vita. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu walishirikiana kumwondoa Mwanga. Haukupita muda Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakristo wakarudi na kuwashinda, na mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao pale Mengo, makao ya Kabaka. Anayesema "ninyi ndio mliotuua" ameusoma ukurasa mmoja akaufunga mkoba. Mwombeni mwalimu wa historia awagawe katika makundi yaliyochanganyika, Mwislamu asimulie habari za Kizito, na Mkristo asimulie za wale wa wakati wa Mutesa.

Rafiki yangu husema Yesu si Mwana wa Mungu. Naumia. Tuache kabisa kuzungumza dini? (Msichana, Kampala)

Msiache. Hiyo ni tofauti kubwa kweli, na kujifanya haipo ni kudanganyana. Wekeaneni sharti: kila mmoja aeleze anachoamini yeye, asimwelezee mwenzake imani yake. Mwombe akusimulie Sura ya Maryam, nawe umsomee Luka sura ya kwanza. Mtakuta mama yuleyule katika vitabu vyote viwili, na mtakuta pia pale mnapoachana. Ukiumia, sema "hapo nimeumia," mpumzike, mrudi kesho.

Nimeanzisha klabu ya vijana wa dini zote. Tunakaa, tunaongea, wanasinzia. Nifanyeje? (Mwalimu, Arua)

Wape kazi, mwalimu mwenzangu. Huku Mbale mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliunda chama cha ushirika cha kahawa, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hawakuanza na mjadala wa Utatu. Walianza na kahawa na bei yake. Vijana wako wasafishe kisima, wapande miche, wacheze mpira katika timu zilizochanganyika. Mazungumzo yatakuja wakiwa wameshika majembe.

Na ratiba uipange nao: Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wako kanisani, Jumapili asubuhi Wakristo waliobaki. Jumatano jioni je?