Hali ya kifaa kilicho nje ya QEMU
Mashine pepe inapohamishwa kutoka seva moja hadi nyingine, je, QEMU, programu inayoiendesha, huisoma hali ya ndani ya virtiofsd, programu inayoipa mashine hiyo saraka iliyo kwenye seva? Hapana, haiisomi wala kuielewa. Huibeba tu hadi seva ya pili. Kwa kuwa virtiofsd ni mchakato unaojitegemea, unaotumika kama kifaa cha mashine pepe, itifaki ya vhost-user, ambayo QEMU huitumia kuwasiliana na michakato ya aina hiyo, iliongezewa njia maalumu, iliyoingia katika QEMU toleo la 8.2 mwishoni mwa 2023: mashine pepe ikishasimamishwa na foleni zote za kifaa kutulia, mchakato huo humimina hali yake yote katika bomba la data, kisha hulifunga kuonyesha kwamba umemaliza. Mwenzake kule mashine inakohamia husoma data hiyo hiyo, halafu QEMU ya kila upande huuliza mchakato wake kama umefanikiwa. Waraka wa itifaki unalitaka swali hilo, na ni haki, kwa sababu bomba kufungwa hakuthibitishi kwamba yaliyomo yameeleweka. Zingatia, hata hivyo, kwamba mafaili yenyewe hayasafiri; kinachohama ni rekodi za mafaili ambayo mashine pepe inayajua na iliyoyafungua, kwa hiyo saraka inayoshirikiwa lazima ipatikane kwenye seva zote mbili.